Je, polisi hulipwa kwa kila mtu anayemkamata? Ukweli kuhusu faini, dhamana na "chai"

Swali hili utalisikia kwenye stendi ya bodaboda, kwenye foleni ya chakula, na hasa ndani ya basi likishapita kizuizi cha barabarani: "Hawa wanapata ngapi kwa kila mtu wanayemshusha?" Kuna watu wenye hakika kwamba askari akijaza seli, mshahara wake unapanda mwisho wa mwezi. Wengine wanasema faini unayolipa mahakamani inagawanywa kati ya hakimu na polisi waliokuleta.

Jibu fupi ni hapana. Nchini Kenya hakuna sheria inayompa afisa wa polisi kamisheni kwa kukamata mtu, wala sehemu ya faini. Mshahara wake ni ule ule, awe amekamata watu ishirini au hakukamata hata mmoja.

Lakini ukiishia hapo hutakuwa umesaidiwa, kwa sababu wewe mwenyewe umeona pesa ikitembea. Pesa ipo, ila haipiti kwenye mshahara. Ukijua inapita wapi, utajua pia ni wakati gani uko hatarini zaidi na ni nini cha kudai.

Makala hii inazungumzia zaidi Kenya: wakimbizi na wenyeji wa Kakuma, Kalobeyei, Dadaab na mijini. Uganda na Tanzania tumezigusa kwa ufupi. Karibu na mwisho kuna maneno kwa wenye ndugu Marekani, kwa sababu huko swali hili lina jibu tofauti kidogo.

Faini inaenda wapi?

Faini ni adhabu ya mahakama. Polisi hana mamlaka ya kukuhukumu akiwa amesimama barabarani. Hakimu akishasema kiasi, pesa inalipwa kwa akaunti ya serikali na unapewa risiti. Hailipwi kwa simu ya karani, haiwekwi mkononi mwa askari wa zamu, na haitumwi kwa namba ya M-Pesa ya mtu binafsi. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba, nitakulipia," hiyo si faini hata kama aliyesema amevaa sare.

Kwa hiyo fikiria upande wa afisa asiye mwaminifu. Akikufikisha mahakamani na ukatozwa shilingi 5,000, yeye hapati kitu. Amepoteza muda kuandika, na pengine ataitwa kutoa ushahidi. Lakini akikuachilia njiani kwa shilingi 1,000, hiyo yote ni yake, au yake na wenzake. Faida yake iko pale kabla jina lako halijaandikwa popote. Ukishaandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo, kile kinachoitwa OB, kesi yako inakuwa na namba, na kukuachilia kimya kimya kunakuwa kazi ngumu zaidi.

Ndiyo maana mazungumzo ya "chai", "kitu kidogo" au "ongea vizuri" huanza mapema: kando ya gari, nyuma ya lori, au mnapozungushwa mtaani kwa saa nzima bila kufika kituoni. Kinachouzwa pale ni muda wako na hofu yako. Kama ulikosa au hukukosa, bei inaweza kuwa ile ile.

Haya si maneno ya vijiweni tu

Kenya ilianza kuwachuja maafisa wake wa polisi mwishoni mwa 2013, kazi iliyofanywa na Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Ilipofika zamu ya askari wa trafiki, tume iliangalia taarifa zao za benki na M-Pesa. Baadhi walishindwa kueleza pesa zilikotoka. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba maafisa wa chini walionekana wakiwatumia wakubwa wao pesa, mara nyingi na kwa mpangilio. Mtu anayetakiwa kumpelekea mkubwa wake kitu kila wiki ana sababu ya kusimamisha magari hata kama hakuna sheria inayomlipa. Kwa mazoea hayo anakuwa kama ana hesabu ya kutimiza.

Wakimbizi wanaijua hali hii kwa machungu zaidi. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti Mei 2013 kuhusu msako wa Eastleigh, Nairobi, uliodumu kutoka Novemba 2012 hadi Januari 2013. Wasomali na Waethiopia walieleza jinsi walivyokamatwa wakiwa na karatasi halali, wakazungushwa kwenye magari, kisha wakaachiliwa baada ya kulipa. Walisema polisi waliwaona kama mashine za kutolea pesa. Msako huo uliambatana na amri ya serikali ya kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini kwenda kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu ilitupilia mbali amri hiyo, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. Miezi michache baadaye, Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch ilianza na watu walijazwa katika uwanja wa Kasarani. Kwa hiyo ushindi wa mahakamani ni kitu kikubwa, lakini haukumaliza tatizo mtaani.

Tuseme pia la upande wa pili. Askari wengi wanaishi katika nyumba mbovu na kulipwa kidogo. Jopo lililoongozwa na aliyekuwa Jaji Mkuu, David Maraga, lilikabidhi ripoti yake mwaka 2023 na kupendekeza mishahara ya polisi iongezwe. Kuna vituo ambavyo mafuta ya gari hayatoshi, na mlalamikaji anaombwa "atoe ya mafuta" ili mshukiwa akafuatwe. Hilo halihalalishi hongo. Linakuonyesha tu kwamba tatizo haliishi kwa kumbadilisha askari mmoja.

Mfano: umeshushwa kwenye basi

Tuseme unatoka Kakuma kwenda Kitale kumpeleka mtoto hospitali. Kwenye kizuizi mnaambiwa mtoe vitambulisho. Una kitambulisho cha mkimbizi lakini kibali chako cha kusafiri kimepitwa na siku mbili. Afisa anakuambia ushuke, kisha anakuambia kwamba utashtakiwa kwa kuwa nchini kinyume cha sheria na utafungwa miaka mitatu. Basi linapiga honi. Dereva naye anakuambia, "Malizana na wakubwa."

Hapo kuna mambo mawili tofauti, na ni vizuri kuyatenganisha kichwani. La kwanza ni kosa la kweli: kibali kimeisha. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 bado inaruhusu serikali kutenga maeneo ya wakimbizi kuishi, na kwa utaratibu uliopo unahitaji kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, DRS, ili kutoka. Hilo usilibishe. La pili ni tishio lisilolingana na hali yako. Kosa la kuwa nchini kinyume cha sheria lipo katika sheria ya uhamiaji, na adhabu yake inaweza kufika miaka mitatu au faini ya shilingi 500,000. Lakini limewekwa kwa mtu asiye na ruhusa ya kuwa Kenya. Mkimbizi aliyeandikishwa ana ruhusa hiyo. Kuchelewesha kibali cha safari hakukufanyi usiwe mkimbizi.

Ufanye nini basi? Ongea kwa utulivu na heshima. Mwambie afisa kwamba wewe ni mkimbizi uliyeandikishwa, mwonyeshe kitambulisho, mweleze safari ya hospitali na umpe barua ya rufaa kama unayo. Uliza: "Afande, nimekamatwa? Kwa kosa gani? Tunaenda kituo gani?" Maswali haya matatu ni haki yako, kwa sababu Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema lazima uambiwe sababu ya kukamatwa mara moja, kwa lugha unayoielewa. Mara nyingi ukiuliza kuhusu kituo, mazungumzo hubadilika, maana kituoni kuna kitabu.

Piga simu au tuma ujumbe kwa mtu wa nyumbani: uko wapi, saa ngapi, gari la polisi lina namba gani. Ukiweza kuiona namba ya utumishi kwenye sare, ikariri. Usikimbie na usimsukume mtu. Kumrekodi afisa usoni kwake kunaweza kuwasha moto usiokuwepo, kwa hiyo pima hali kwanza.

Tunajua kuna mama atakayesoma haya na kusema: mtoto wangu alikuwa anaungua homa, nililipa. Hatumlaumu. Ila ajue kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamgusa anayetoa na anayepokea, na adhabu inaweza kufika miaka kumi au faini ya shilingi milioni 5. Usiwe wewe wa kwanza kutaja pesa. Na kama umelazimishwa, andika siku ile ile jinsi ulivyolazimishwa.

Saa 24 na hila ya Ijumaa

Katiba ya Kenya inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Lakini kama saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi za mahakama, unapelekwa siku inayofuata ya mahakama. Ukikamatwa Ijumaa jioni, hiyo ni Jumatatu.

Sasa unaona kwa nini misako ya Ijumaa inaogopwa. Mtu aliyekamatwa Jumanne asubuhi anaweza kusema, "Nipelekeni tu, kesho nitamwona hakimu." Wa Ijumaa ana usiku tatu za seli mbele yake, mtoto nyumbani, na kibarua cha Jumamosi kinachopotea. Hofu yake ina bei kubwa zaidi.

Kuna kinga ambayo wengi hawaijui. Kifungu hicho cha 49 kinasema mtu hawezi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi madogo ya mtaani yako hapo. Kama wewe au ndugu yako anazuiliwa kwa kosa la namna hiyo, mtajieni mkuu wa kituo, OCS, kifungu hicho kwa jina. Si lazima uwe wakili.

Bondi, dhamana ya pesa na faini si kitu kimoja

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa bila kujua, kwa hiyo soma polepole.

Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi kwamba utarudi kituoni au utafika mahakamani siku fulani. Haina malipo. Anayekuambia "bondi ni elfu mbili" anakuibia.

Dhamana ya pesa ni kitu kingine. Unaweka pesa kama rehani ya kwamba utafika mahakamani, na lazima upewe risiti yenye jina lako, kiasi na kituo. Ukihudhuria kesi mpaka mwisho, pesa hiyo inarudi kwako, hata kama umepatikana na hatia, ingawa unaweza kuomba ikatwe kulipia faini. Bila risiti, hakuna dhamana iliyowekwa. Huna cha kudai baadaye, na hakimu hana cha kuona. Watu wengi huona aibu kuomba risiti kituoni. Omba. Ukinyimwa, omba kumwona OCS.

Faini tumeshaieleza: inatoka kwa hakimu, inaenda serikalini, hairudi.

Kuandikisha tukio kwenye OB hakulipiwi, na fomu ya P3 ya mtu aliyepigwa au kubakwa nayo ni ya bure. Tunaitaja kwa sababu aliyeumizwa naye hudaiwa pesa, si mshukiwa peke yake. Mahakamani, kama huelewi Kiswahili wala Kiingereza, una haki ya mkalimani bila malipo. Sema mapema, kabla ya kujibu mashtaka. Usikubali kosa kwa sababu umechoka kusikia lugha usiyoijua.

Polisi anapotumwa kudai deni

Hii ni njia nyingine ya pesa, na inawagusa wakimbizi na wenyeji sawasawa. Umechukua unga na mafuta kwa mkopo dukani, msaada umechelewa, hujalipa. Mwenye duka anaenda kwa askari anayemfahamu, anamwachia kitu, na askari anakuja kukukamata. Au wewe ndiye mwenye duka uliyechoka kudai.

Deni la kawaida si kosa la jinai. Polisi hana kazi ya kulikusanya, na akikukamata kwa deni tu, huo ni ukamataji wa kukodishwa. Mahakama ya madai inaweza kutoa amri dhidi ya mdaiwa, lakini lazima kesi iwepo na hakimu aamue. Udanganyifu ni jambo tofauti, kwa mfano mtu aliyechukua mali kwa jina la uongo akiwa na nia ya kutoroka. Mwenye duka anayemlipa askari kumtisha jirani naye anatoa hongo. Wazee wa mtaa, viongozi wa bloku au machifu wanaweza kuwakalisha chini haraka zaidi, na mapatano yaandikwe na pande zote ziweke sahihi.

Kwa waendesha bodaboda

Ninyi ndio mnaosimamishwa zaidi. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zilipanga faini za Kenya kuanzia shilingi 500 hadi 10,000 kulingana na kosa. Lakini faini ikiwa ndogo haina maana kwamba unaweza kumpa askari pale pale. Ukipewa hati ya kuitwa mahakamani, itunze na ufike siku iliyoandikwa. Kukosa kufika ndiko kunakozaa hati ya kukamatwa, na hapo jambo dogo linakuwa kubwa.

Uganda na Tanzania

Uganda, muda wa juu kabla ya kufikishwa mahakamani ni saa 48. Bondi ya polisi ni bure huko pia, na vituo vingi vimelibandika hilo ukutani. Faini ya trafiki inalipwa kwa mamlaka ya mapato kupitia benki. Mkimbizi wa Nakivale au Kyangwali ana uhuru wa kutembea nchini, kwa hiyo kutokuwa na kibali cha kutoka makazini pekee si sababu ya kukamatwa.

Tanzania ni kinyume: mkazi wa Nyarugusu au Nduta anahitaji kibali cha kutoka kambini. Malipo ya serikali, faini za barabarani zikiwemo, yana namba maalum ya malipo, ile watu wanayoiita kontro namba. Hakuna namba, hakuna malipo. Katika bajeti ya 2021, faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 za Tanzania, kwa hiyo usikubali kutajiwa ile ya zamani. Hongo unairipoti TAKUKURU kwa kupiga 113 bila malipo.

Kwa wenye ndugu Marekani

Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani huuliza swali lile lile wakipata tiketi ya kwanza ya gari. Huko pia afisa hapewi asilimia ya tiketi. Tofauti ni kwamba mji wenyewe unaweza kuwa na njaa ya faini. Mwaka 2014 kijana Michael Brown aliuawa na polisi katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri. Wizara ya Sheria ikachunguza, na ripoti yake ya Machi 2015 ilionyesha kwamba viongozi wa mji walikuwa wanawasukuma polisi waandike tiketi nyingi ili kujaza bajeti. Walioumia zaidi walikuwa Wamarekani weusi. Aliyeshindwa kulipa tiketi ndogo aliweza kutolewa hati ya kukamatwa.

Jimbo la New York liliweka sheria mwaka 2010 ya kukataza kumwadhibu afisa kwa kutofikisha idadi ya tiketi au ya watu waliokamatwa. Hata hivyo mwaka 2017 jiji la New York lilikubali kulipa hadi dola milioni 75 kumaliza kesi ya watu waliopewa hati za kuitwa mahakamani bila ushahidi wa kutosha. Pia kuna malipo ya saa za ziada: afisa anayekamata mwishoni mwa zamu anaweza kubaki akijaza karatasi na kulipwa kwa muda huo.

Mwambie ndugu yako asijaribu kamwe kumpa askari wa huko pesa barabarani, hata kwa nia ya kumaliza mambo. Ni kosa kubwa na linaweza kugusa karatasi zake za uhamiaji. Asome tarehe iliyo kwenye tiketi, na alipe au aende mahakamani kabla haijapita. Kama hana pesa, aende akaseme hana pesa. Kunyamaza ndiko kunakoleta hati ya kukamatwa.

Kuripoti nchini Kenya

Malalamiko dhidi ya polisi yanapokelewa na IPOA, mamlaka huru isiyokuwa chini ya polisi. Namba yake ya bure ni 1559. Hongo unaweza pia kuipeleka kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, kwa namba ya bure 1551. Huhitaji kuwa raia wa Kenya. Kulalamika dhidi ya afisa hakufuti hadhi yako ya ukimbizi, na anayekutishia hivyo hana mamlaka hayo, kwa sababu kitambulisho chako hakitoki kituo cha polisi.

Watakuuliza: tarehe, saa, mahali, namba ya utumishi au ya gari, kiasi ulichotoa na kwa njia gani. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, hata kama ulitumwa kwa namba ya wakala au ya mwenye kibanda jirani na kizuizi, maana pesa nyingi hupitia hapo. Kama mlishushwa watu watano kwenye basi moja, ripotini mkiwa watano. Kwa ushauri wa kisheria bila malipo, Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya wanahudumia wakimbizi. Kama ndugu yako bado yuko seli, waone kwanza kabla ya kuandika malalamiko. Mtoeni ndani, kisha mwandike.